Kunguru wa Feri Wapasuliwe Kabla ya Kufukiwa

Mnada wa samaki ukipamba moto pale soko la Feri, Dar es Salaam, kunguru nao wako kazini, wanagombea matumbo yanayodondoka kwenye visu vya wanaopara. Mara mojamoja hutua mmoja mwenye kinundu kando ya jicho au kwenye kidole cha mguu, na hukumu haichelewi: huyo ana kansa.

Huenda hana. Vinundu vya namna hiyo, kwenye ngozi isiyo na manyoya, mara nyingi ni ndui ya ndege. Virusi vyake huenezwa na mbu, na ndege wengi hupona wenyewe. Unyayo uliovimba nao huweza kuwa usaha mtupu, wa bakteria walioingia kwenye mchubuko. Jicho haliwezi kuamua. Inabidi kipande cha nyama kilowekwe kwenye formalini, kikatwe vipande vyembamba mno, kitiwe rangi, kisha kitazamwe kwa hadubini, kama wanavyopimwa binadamu wanaotibiwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, si mbali na soko hilo.

Ndege wa porini hafikishwi maabara. Akiugua huficha udhaifu wake, hufia kichakani, na paka humaliza ushahidi.

Kuku ana bahati kwa sababu ana mwenyewe. Mwaka 1911 mtafiti Peyton Rous alionyesha kwamba saratani ya kuku inaweza kuambukizwa. Tuzo ya Nobel aliipata 1966! Wafugaji wanaofuata dawa Kariakoo wanaujua ugonjwa wa mareksi: kuku hulala mguu mmoja mbele, mwingine nyuma, na akipasuliwa huweza kukutwa na uvimbe kwenye ini. Chanjo yake hudungwa kifaranga akiwa wa siku moja.

Kunguru wa aina hii ya Feri, yeye, aliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili ale taka. Leo anategwa na kulishwa sumu. Kenya ilitangaza mwaka 2024 kwamba inataka kuua milioni moja. Wapunguzwe, hakuna ubishi, maana wanamaliza mayai na makinda ya ndege wa asili. Ila kuwafukia wote bila kuwapasua hata wachache ni kutupa sampuli za bure. Maabara ya veterinari ipo Temeke, na wataalamu wapo Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Wapelekwe wangali wabichi, kwani mzoga uliooza juani hausomeki tena kwa hadubini. Anayewaokota avae glavu: homa ya mafua ya ndege, H5N1, imeshaua kunguru India na Bangladesh.