Divai Mpya ya Msondo

Ukitaka kuwagombanisha wazee wa hapa Chang'ombe, Dodoma, taja wimbo mpya wa Msondo Ngoma. Mmoja atasema Msondo ilizikwa na Muhidin Gurumo mwaka 2014. Mwingine atamjibu kwamba magitaa hayakuzikwa. Bendi hiyo ilianza 1964 ikiitwa NUTA Jazz, ikawa JUWATA, kisha OTTU. Hata zile unazoziita za dhahabu zilikuwa mpya siku moja.

Kukosoa si dhambi. Wimbo mbovu usemwe. Ila katika Luka 5:39 Yesu anamtaja mnywaji wa divai ya zamani asiyetaka mpya hata kidogo. Je, wewe umeusikiliza wimbo mpaka mwisho? Na leo kwaya ikianzisha wimbo mgeni wa matoleo, mbona unafunga mdomo?