Kambi za Tabora: Kinachouzwa ni usiku, si jengo

Mvua za Tabora hukatika Aprili au mwanzoni mwa Mei. Kuanzia hapo hadi Oktoba barabara za udongo hupitika, nyasi hukauka na safari za kwenda porini huwa rahisi. Ni miezi hiyo ambapo mazungumzo ya kambi huanza tena miongoni mwa wafanyabiashara wa Gongoni na kata jirani za Manispaa ya Tabora. Kila mwenye akiba kidogo hufikiria jambo moja: kujenga mabanda manne au matano karibu na maji, wageni waje Ijumaa, watembee njia za porini na kuondoka Jumapili. Wazo si baya. Kasoro yake ni kwamba wengi huanza na jengo, wakati kinachouzwa ni usiku.

Vivutio vipo. Kilometa chache kutoka mjini lipo tembe la Kwihara, alikokaa Livingstone mwaka 1872. Kwihara imo pia katika orodha ya awali ya urithi wa dunia ambayo Tanzania iliiwasilisha UNESCO mwaka 2006, pamoja na Bagamoyo, Mpwapwa, Ujiji na vituo vingine vya njia kuu ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Kaskazini ya mji lipo bwawa la Igombe. Kwa mwenye gari na siku za kutosha, upo mto Ugalla, ambao pori lake la akiba lilipandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2019, na mbele yake ziwa Sagara, katika ardhioevu ya Malagarasi na Muyovozi iliyoingizwa katika mkataba wa Ramsar mwaka 2000.

Hata hivyo, mgeni anayelitazama tembe kwa saa moja na kurudi kituo cha mabasi huacha kiingilio na bei ya soda. Akilala, huacha bei ya kitanda, chakula cha jioni, chai ya asubuhi, ujira wa kijana wa kumwongoza njiani na chupa ya asali ya kupeleka nyumbani. Tofauti ya mapato hayo mawili ndiyo biashara yenyewe.

Tabora yenyewe ilikuzwa na watu waliolala. Kutoka pwani hadi Unyanyembe msafara ulitumia kama miezi mitatu, na ulipofika wapagazi wengi walimaliza mkataba wao, hivyo ilibidi wengine watafutwe. Burton na Speke walifika Novemba 1857 wakakaa zaidi ya mwezi mmoja. Livingstone alingoja Kwihara kuanzia Machi hadi Agosti 1872, mpaka watu aliopelekewa na Stanley kutoka pwani walipowasili. Siku zote hizo kuna aliyeuza nafaka, kuku, kuni na maji. Wenyeji waliofaidika hawakuhitaji majumba makubwa kwa ajili ya wapita njia. Walihitaji chakula cha kutosha na mahali pa kupiga kambi.

Somo hilo lipimwe kwa hesabu ya mfano. Kiangazi kina majuma kama 26. Ikichukuliwa kwamba wageni hulala usiku wa Ijumaa na Jumamosi tu, na vyumba vinne vikajaa kila juma, jambo ambalo ni bahati kubwa, zinapatikana nyakati 208 za kulala. Banda likitozwa shilingi 40,000, mapato ni shilingi 8,320,000. Lakini banda haliwezi kuachwa bila mtu wakati wa masika. Mlinzi na mhudumu, kila mmoja kwa shilingi 300,000 kwa mwezi, watachukua shilingi 7,200,000 kwa mwaka. Kinachobaki ni shilingi 1,120,000, kabla ya mashuka, mafuta, ukarabati na leseni. Ikiwa kila banda limegharimu shilingi milioni nne, mtaji wa milioni 16 utarudi baada ya zaidi ya miaka 14.

Sasa mfanyabiashara huyo huyo aanze na mahema manne ya shilingi 300,000 kila moja. Atoze shilingi 20,000 tu na awaajiri watu wake wawili kwa miezi sita ya kiangazi. Mapato ni 4,160,000, mishahara ni 3,600,000, na zinabaki shilingi 560,000. Fedha hiyo ni ndogo, ila mtaji wake wote ni shilingi 1,200,000, na mvua zikianza mahema hukunjwa na kuwekwa stoo.

Kinachobadilisha hesabu zote mbili ni jiko. Wageni wawili kwa kila chumba ni watu 416 katika msimu. Kila mmoja akiacha faida ya shilingi 5,000 katika chakula cha siku, zinaongezeka shilingi 2,080,000. Mwenye mabanda atarudisha mtaji kwa miaka mitano. Mwenye mahema atakuwa ameurudisha kabla msimu wa kwanza haujaisha. Na chakula hicho hakihitaji kuagizwa mbali: kuku wa kienyeji, samaki, karanga, michembe, matobolwa na asali vinapatikana mkoani. Mgeni kutoka Dar es Salaam hatalipa zaidi kwa sababu ameandaliwa chipsi alizoziacha kwao.

Upo upande wa sheria, ambao umewahi kuwatia hasara wajenzi wenye haraka sehemu nyingi za nchi. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa ziwa, mto au bwawa. Banda lenye kibaraza juu ya maji, kama linavyoonekana katika picha za Ulaya, ni banda la kubomolewa. Kwa bwawa linalohusika na maji ya mji, mamlaka ya maji iulizwe kwanza. Eneo likiwa ndani ya msitu wa hifadhi, kibali kinatoka kwa wakala wa misitu, si kwa mwenyekiti wa kitongoji. Hema nalo linahitaji ruhusa, ila likikataliwa sehemu moja huhamishwa.

Watumishi wa kambi nao wapo tayari. Ugalla ilipokuwa pori la akiba, wavuvi na warina asali waliingia kwa vibali wakati wa kiangazi. Katika hifadhi ya taifa shughuli hizo haziruhusiwi. Watu hao wanajua wapi mbung'o ni wengi, wapi viboko hupanda ukingoni usiku, na maji yapi yaliyosimama yasiogewe kwa hofu ya kichocho. Mwekezaji anayewaacha na kuleta mwongozaji wa mjini anatupa mtaji usiogharimu chochote, na anawanyima kipato watu ambao tayari wamepoteza kimoja.

Wapo wanaoshauri kungoja reli ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, ifike Tabora kwanza. Treni huleta watu, haiwalazi. Itakapofika, atakayefaidika ni yule ambaye tayari ana choo safi, maji ya kunywa yaliyochemshwa, bei iliyobandikwa ukutani na jina zuri kwa wateja wa hapa hapa: walimu, wauguzi, vikundi vya kanisa na msikiti, na wenye maduka wenyewe.

Kwa hiyo ushauri kwa mwenye akiba ndogo Gongoni ni huu. Msimu wa kwanza auze mahema na chakula, na aandike daftarini kila usiku uliouzwa na kila uliokosa mteja. Daftari hilo likionyesha misimu miwili iliyojaa, ndipo ajenge banda moja. Likionyesha vinginevyo, atakuwa amepoteza mahema manne, na si nyumba ya watoto aliyoiweka rehani.