Kabla ya Kukata Kauli

Katika nyumba zetu nyingi hapa Uingereza kuna jambo linalochukuliwa kuwa la hakika: mzee akizidiwa na kuwekewa mashine ya kupumulia, wanawe watakaa, watashauriana, kisha watamwambia daktari la kufanya. Sivyo. Kwa sheria ya England na Wales, mume, mke au mtoto hana mamlaka ya kuamua matibabu ya mtu mzima kwa sababu tu ni jamaa yake. Sheria ya mwaka 2005 inasema mgonjwa asipoweza kujiamulia, uamuzi ufuate maslahi yake. Madaktari hutakiwa kuwauliza jamaa mgonjwa alipenda nini na aliamini nini, lakini kuulizwa si kuamua. Mvutano usipokwisha, mahakama huamua.

Wapo wenzetu chamani wanaosema huu ni uzungu: nani amjuaye mama kuliko watoto wake? Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, sisi tunasema uamuzi huu si wa daktari, wala si wa ukoo. Ni wa mwenye mwili, na autoe angali ana kauli.

Tumkumbuke Tony Bland, shabiki wa Liverpool aliyeumia katika msongamano wa uwanja wa Hillsborough, Sheffield, mwaka 1989, akiwa na miaka 18. Ubongo wake ulikosa hewa, na hakupata fahamu tena. Wazazi na madaktari walikubaliana kwamba kuendelea kumlisha kwa mrija hakumfai kitu, lakini kesi ilibidi ifike Baraza la Malodi, lililotoa ruhusa mwaka 1993. Majaji waliamua bila neno lolote kutoka kwake, kwa kuwa hakuwahi kusema angetaka nini. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 2018, si lazima kwenda mahakamani ikiwa familia na madaktari wamekubaliana. Je, wasipokubaliana?

Na familia zetu zitakubaliana vipi? Binti aliye Leicester anayaona mateso kila siku. Kaka aliye Muscat anasema kwenye simu, "Msizime." Shangazi aliye Mombasa anasema tumwachie Mungu. Wote wanampenda mgonjwa. Katikati yao amekaa mmoja wetu, wa miaka 20, akimtafsiria daktari, na kesho ataambiwa yeye ndiye aliyesema mashine izimwe. Kumtafsiria mama maelezo ya dawa za presha ni sawa. Mzigo huu si wetu. Hospitali zina wakalimani, na mgonjwa halipi, tuwaombe.

Wengine huogopa kwamba kuondoa mashine ni kuua. Dini zetu zimelijadili hilo zamani. Mwaka 1957 Papa Pio XII aliwaambia madaktari kwamba mtu halazimiki kutumia njia zisizo za kawaida ili kurefusha uhai. Mwaka 1986 Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, likikutana Amman, liliruhusu mashine ziondolewe pale wataalamu wanapothibitisha kwamba ubongo wote umekufa. Mwenye mashaka amwulize padri au shehe wake sasa, angali mzima.

Kinachotuzuia ni kwamba nyumbani kuyataja haya ni uchuro. Lakini wosia tunao tangu jadi: mzee husema shamba ni la nani, anadaiwa na nani, azikwe wapi. Kama anaamua atakavyozikwa, kwa nini asiamue atakavyouguzwa?

Sheria inampa njia mbili. Anaweza kuandika mapema matibabu anayoyakataa. Yakiwa ni ya kuendeleza uhai, maandishi yaseme wazi kwamba anayakataa hata kama uhai wake uko hatarini, yakiwa na sahihi yake na ya shahidi. Au anaweza kusajili hati ya kumteua mtu wa kumwamulia mambo ya afya, na humo aonyeshe kama mtu huyo ataamua pia kuhusu matibabu ya kuendeleza uhai. Hakuna njia inayomlazimisha daktari kutoa tiba asiyoona faida yake. Lakini anayetaka watoto wake waamue anaweza kuwateua. Huo nao ni uamuzi wake.

Likizo hii, tuwaulize wazazi maswali matatu. Ukikata kauli, nani akusemee? Kitu gani usingependa ufanyiwe? Nani mwingine ajue jibu lako? Tuyaandike majibu kwa Kiswahili chao wenyewe, kisha tuanze kujaza fomu. Na wao wakitugeuzia maswali hayo, tusiseme bado ni vijana. Tony Bland alikuwa mdogo kuliko sisi.