Betri hupimwa kwa usiku wako, si kwa usiku wa jirani

NILIPOREJEA Kigwena mwaka 2019 kutoka kambi ya Nduta, mkoani Kigoma, kitu cha kwanza nilichonunua baada ya mabati ya nyumba kilikuwa betri. Nyaya za umeme zilikuwa mbali na kiwanja changu, watoto walikuwa wakisoma kwa kibatari, nami nilitaka wasome kama wenzao wa Rumonge mjini. Nilichukua sehemu kubwa ya fedha za kuanzia maisha nikanunua betri ya gari, ile ya N70, pamoja na paneli ya wati 50 na inveta. Muuzaji aliniambia kwamba itawasha nyumba nzima.

Iliwasha kweli, kwa siku tatu. Taa nne, televisheni na redio, nyumba ikachangamka. Siku ya nne televisheni ikazima saa tatu usiku, kesho yake saa mbili. Nikalaumu mawingu. Ulipofika mwezi wa tano, betri ile haikuweza hata kuchaji simu. Jirani yangu akapita, akaitazama, akasema sola ni utapeli mtupu. Nikamuunga mkono.

Kibaya zaidi ni kwamba nilipoanza biashara ya kuvuka mpaka kupitia Mugina na Manyovu, nami niliuza betri kwa namna ile ile niliyouziwa. Mama mmoja mchuuzi wa ndagala alinirudia akiwa amejifunga khanga kiunoni, kama mtu aliyekuja kwa shari.

“Mwanangu, betri yako imekufa kabla sijamaliza kulipa deni lake.”

“Pole, mama. Kwani ulikuwa unawasha nini?”

“Siku ya kuninunulisha hukuniuliza. Unaniuliza leo?”

Sikuwa na jibu. Makala haya ndiyo jibu langu, japo limechelewa. Nayaelekeza kwa ndugu zangu tuliorejea nyumbani, tangu mpango wa kurejea kwa hiari kutoka Tanzania ulipoanza Septemba 2017 na hata kabla ya hapo, na kwa wenzangu tunaobeba mizigo kati ya Kigoma na Rumonge. Tatizo letu si sola. Tatizo ni kwamba tunanunua betri kwa kutazama mfuko, au kwa kutazama kibanda cha jirani, wakati kipimo cha betri ni usiku wako mwenyewe.

Wavuvi wetu wanalijua jambo hili bila kufundishwa. Enzi za karabai, hakuna aliyeingia ziwani kutega ndagala bila kupima mafuta ya taa kulingana na idadi ya taa na urefu wa usiku. Aliyekosea hesabu alirudi alfajiri na ngalawa tupu. Nyumbani hatufanyi hesabu hiyo, tunabahatisha.

Basi tuifanye. Kila chombo kina wati zake. Ukizizidisha kwa saa unazokitumia, unapata wati-saa, yaani kiasi cha umeme kinachokunywewa. Taa nne za LED za wati 5 zikiwaka saa tano ni wati-saa 100. Televisheni ndogo ya wati 30 kwa saa nne ni 120. Redio ya wati 5 kwa saa sita ni 30. Simu tatu ni kama 30. Jumla ni wati-saa 280. Umeme mwingine hupotea kwenye inveta na nyaya, kwa hiyo ongeza sehemu moja ya tano. Utapata takriban 336 kwa usiku mmoja.

Sisi tuko karibu na nyuzi 4 tu kusini mwa Ikweta, kwa hiyo usiku wetu haubadiliki sana. Juni au Desemba, giza ni kama saa 12. Kinachobadilika ni mawingu. Katika miezi ya mvua, kuanzia Oktoba hivi hadi Mei, siku moja nzima inaweza kupita bila jua la maana. Ndiyo maana nashauri betri ibebe usiku mbili. Hiyo ni wati-saa 672.

Hapa ndipo wengi tunapojikwaa. Betri ya risasi na tindikali, ambayo asili yake ni uvumbuzi wa Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, haitaki kukaushwa. Ukitumia zaidi ya nusu yake kila usiku, unaifupishia maisha. Ukiiacha ikae tupu, chumvi ya salfeti huganda kwenye mabamba yake na betri haipokei tena chaji kama zamani. Kwa hiyo ukihitaji 672, nunua mara mbili yake, yaani 1344. Gawanya kwa volti 12 na utapata 112. Hiyo ndiyo betri yako: ya Ah 110 hadi 120.

Betri ya lithiamu, hasa ile ya lithiamu na fosfeti ya chuma, huruhusu kutumiwa hadi asilimia 80 bila kudhurika sana. Kwa nyumba ile ile, 672 gawanya kwa 0.8 ni 840. Gawanya kwa volti 12.8, unapata kama Ah 66. Betri ndogo kwa sura, kazi ni ile ile.

Sasa tazama kosa langu la mwaka 2019. N70 ni Ah 70. Zidisha kwa volti 12, unapata wati-saa 840, na nusu yake ni 420. Kwa usiku mmoja ingetosha. Lakini paneli ya wati 50, tukihesabu saa nne za jua kali na kuondoa kinachopotea njiani, inaingiza kama wati-saa 140 kwa siku. Nyumba yangu ilitaka 336. Nilikuwa nachota zaidi ya mara mbili ya nilichokuwa naweka. Betri ile haikupata kujaa hata siku moja tangu wiki ya kwanza.

Tena ilikuwa betri ya gari. Betri ya gari imetengenezwa kwa mabamba membamba mengi ili itoe nguvu kubwa kwa sekunde chache za kupiga stata, kisha ijazwe mara moja na injini. Kuifanya iwashe televisheni usiku kucha ni sawa na kumtwisha mkimbiaji wa mbio fupi gunia la mchele apande nalo mlima. Betri ya sola ina mabamba mazito, yanayovumilia kutoa kidogo kidogo kwa muda mrefu.

Kutokana na hesabu hiyo, wapo wanaokimbilia upande wa pili, wakidhani dawa ni kununua betri kubwa kupita kiasi. Nao wanakosea. Hakuna mkamua mawese wa Rumonge anayenunua pipa kwa mavuno ya dumu moja. Betri ya risasi ya Ah 200 iliyofungwa na paneli ya wati 80 itaishi ikiwa nusu tupu, na itakufa kwa ugonjwa ule ule ulioua ya kwangu. Kwa nyumba tuliyoihesabu, paneli isipungue wati 150. Betri na paneli ni mke na mume: mmoja akizembea, nyumba haiendi.

Najua nitaambiwa kwamba maskini hachagui. Aliyerejea jana, ambaye shamba lake la michikichi bado lina mgogoro tangu wazazi wake walipokimbia mwaka 1972, hana fedha ya Ah 120, wala ya paneli ya wati 150. Hoja hiyo ni nzito na siidharau. Hata hivyo, jibu lake si kununua betri isiyofaa. Jibu ni kupunguza usiku. Anza bila televisheni. Taa mbili kwa saa tano ni wati-saa 50, simu mbili 20, redio kwa saa nne 20. Jumla 90, na upotevu 108. Kwa usiku mbili, lithiamu ya Ah 20 hivi inatosha, na paneli ya wati 40 au 50 inaijaza. Mtoto atasoma, simu itapokea salamu za shangazi aliyebaki Kasulu. Televisheni itakuja na mavuno.

Lithiamu kwa bei ya dukani huonekana ghali, ingawa imeshuka sana kuliko miaka ya 2010. Lakini betri ya risasi hustahimili kujazwa na kutumiwa mara mamia kadhaa, ile ya lithiamu iliyo halisi mara 2000 na zaidi. Gawanya bei kwa idadi ya usiku, si kwa siku ya kununua, ndipo utajua ipi ni ghali. Jambo moja tu la kuangalia ni kontrola: iwe ina mpangilio wa lithiamu, la sivyo utaiharibu.

Na friji? Wenye vibanda vya soda wananiuliza kila mara. Friji ndogo inaweza kutumia wati-saa 500 kwa siku, karibu mara mbili ya vyombo vyote tulivyovihesabu mwanzo. Hiyo ihesabiwe peke yake, kama biashara. Wala usijidanganye kwamba utanunua betri moja ya risasi leo na kuongeza nyingine baada ya miaka miwili. Ile kuukuu huivuta mpya chini, zikafa pamoja.

Nirudi kwa wafanyabiashara wenzangu, kwa kuwa sisi ndio tunaobeba lawama kubwa. Sokoni zimejaa betri zenye maandishi makubwa kuliko uwezo wake. BBN upande wetu na TBS upande wa Tanzania wana kazi ya kusimamia viwango, na tunapaswa kuwadai wakaze uzi hapo Mugina na Manyovu. Lakini mzigo unaovuka ziwa kwa mtumbwi usiku haukutani na mkaguzi. Unakutana na wewe na mimi tu.

Bahati nzuri tuna mizani. Ile ile tunayopimia ndagala. Betri ya risasi ya kweli ya Ah 100 huwa na uzito wa kilo 25 hadi 30, kwa sababu risasi ni nzito na hakuna ujanja wa kuikwepa. Ukiletewa “Ah 100” ya risasi yenye kilo 15, umeletewa uongo. Ya lithiamu ya Ah 100 huwa na kilo 10 hadi 13; ikiwa nyepesi mno, ndani mna hewa au seli zilizokwisha tumika. Nunua pia mita ya volti, si ghali. Betri ya risasi iliyopumzika na kujaa husoma volti 12.6 au 12.7, ikisoma 12.2 imebaki nusu. Mfundishe mteja kusoma namba hiyo, naye atajua mwenyewe wakati wa kuzima televisheni.

Zaidi ya yote, tuulize kabla ya kupokea fedha. Unawasha nini? Kwa saa ngapi? Una paneli ya wati ngapi? Maswali matatu, dakika tano. Mteja asiyeweza kujibu, arudi nyumbani akahesabu taa zake, betri haitaoza dukani. Utapoteza mauzo ya siku moja, lakini hutapoteza jina, na hapa Kigwena jina likishaharibika habari hufika Nyanza-Lac kabla yako.

Mama wa ndagala nilimchukulia betri yake mbovu, nikamkatia bei kwenye nyingine baada ya kuhesabu naye taa moja moja, yeye akiandika kwa mkaa ukutani. Hasara ilikuwa yangu, na ilikuwa halali yangu. Kwa uhaba wa petroli uliotuandama miaka ya karibuni, jenereta si kimbilio tena, na watu wengi zaidi watakuja kwetu kutafuta betri. Tukiwauzia kwa kubahatisha, watakaporudi kwenye kibatari hawatasema wafanyabiashara wa mpakani waliwadanganya. Watasema, kama jirani yangu, kwamba jua lenyewe ni utapeli.