Kazi yangu ni kuchua, leseni yangu ni ya saluni

Mhariri,



Nachua watu hapa Mabibo. Kukanda nilikukuta nyumbani kwa bibi, aliyekuwa akiwakanda wazazi mpaka arobaini zao zitimie, kisha nikaenda kukusomea. Chuoni ndiko nilikoambiwa kwamba mguu uliovimba upande mmoja, wenye joto na maumivu ya kigimbi, hauchuliwi. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na ukiuchua, bonge laweza kung'oka likakimbilia kwenye mapafu. Mteja huyo anapelekwa hospitali, hata kama pesa ameshaishika mkononi.

Siku nilipoomba leseni hakuna aliyeniuliza habari za kigimbi wala cheti. Nilidaiwa TIN, mkataba wa pango na ada. Karatasi ikatoka imeandikwa saluni. Kijana aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni, ambaye pengine hajawahi kushika bega la mtu, angeondoka na karatasi ileile.

Sasa kuna mama mmoja anauza ndizi pale soko la Mahakama ya Ndizi. Kubeba mikungu kumemmaliza kiuno. Akaona tangazo kwenye nguzo ya umeme, neno masaji na namba ya simu basi, akaenda. Mwanamume aliyempokea akafunga mlango kwa ufunguo, akamtaka avue kila kitu, na khanga aliyojisitiri nayo akaivuta akaitupa kwenye kiti cha mbali. Mikono yake haikukaa kiunoni. Mama yule alinisimulia huku ameshika pindo la khanga, analikunja na kulikunjua, macho chini. Nikamweleza kuwa kumshika mtu vile bila ridhaa yake ni jinai, kwamba Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 iliongeza makali, na kwamba polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Akanijibu, "Mwanangu, wataniuliza kule nilifuata nini." Hakwenda.

Simlaumu. Neno masaji limeshachafuka. Juni 2024 wilaya yetu ya Ubungo iliendesha msako wa biashara ya ngono, wanawake wakakamatwa na kufikishwa mahakamani. Wiki hiyohiyo mwenye nyumba wangu akaja: "Dada, futa hilo neno ukutani, usiniletee balaa." Nikafuta. Ubao sasa unasomeka saluni, na bado hazipiti siku mbili bila mwanamume kunipigia akiuliza kama natoa "huduma zote." Nakata simu. Yule wa mlango wa ufunguo hana ubao wa kufuta. Leo yuko chumba hiki, kesho kile, tangazo lake li nguzoni. Msako utamkutia wapi?

Sheria Na. 23 ya 2002 ilituletea Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Wataalamu wa fiziotherapia nao wana sheria yao ya 2017, pamoja na madaktari. Mimi ninayeshika migongo ya watu kutwa nzima nihesabiwe wapi, kwa waganga, kwa madaktari au kwa wasusi? Nimeuliza ofisi tatu, kila moja ikanielekeza kwa nyingine. Thailand, ambako kuchua ni urithi uliotambuliwa na UNESCO mwaka 2019, mchuaji wa kituoni husajiliwa kwa jina lake mwenyewe. Sisi tunasajili chumba.

Naiomba Wizara ya Afya na TAMISEMI wakae meza moja. Masaji yapewe leseni yake, na asiyeonyesha cheti asipewe. Jina la mchuaji libandikwe mlangoni ili mteja ajue anamlalamikia nani, na mlango huo usifungwe kwa ufunguo mteja akiwa ndani. Haya hayahitaji bajeti.

Nawe msomaji, kabla hujavua shati uliza cheti kiko wapi. Changu kipo ukutani, kando ya leseni ya saluni.

Mchuaji,
Mabibo, Dar es Salaam
(Jina limehifadhiwa)