Kompyuta Isimmeze Mwanao

Ndugu msomaji, huenda nawe unaye kijana wa aina hii nyumbani. Kazi yake ni kutunga programu za kompyuta. Ukiamka saa kumi alfajiri, taa ya chumba chake ingali inawaka. Chakula hupelekewa humo humo, na sahani hurudi nusu. Mkijiandaa Jumapili kwenda kumwona nyanya, jibu lake ni lile lile: "Nendeni tu, nina kazi."

Wazazi wengi hufurahi. Heri huyu, husema, kuliko wale wanaoshinda vilabuni. Kwani wahenga hawakusema kazi mbaya si mchezo mwema? Walisema, naam. Lakini hawakusema binadamu aishi kwa kazi pekee.

Hebu mtazame mzee mmoja ambaye hakuna awezaye kumwita mvivu. Donald Knuth alizaliwa Marekani mwaka wa 1938. Mnamo 1968 alichapisha kitabu cha kwanza katika mfululizo wake maarufu kuhusu sanaa ya kutunga programu, vitabu vinavyoheshimiwa na wataalamu wa kompyuta kote duniani. Ndiye pia aliyeunda TeX, programu ambayo wanahisabati huitumia hadi leo kupangia maandishi yao.

Je, wajua alichoweka nyumbani kwake? Kinanda! Tena si kile cha kubeba kwapani, bali kinanda cha mabomba kama vile vya makanisa makubwa, chenye mabomba 812. Babake alikuwa mpiga kinanda, na mwana akafuata nyayo. Baadaye alitunga muziki mrefu wa kinanda unaosimulia kitabu cha Ufunuo katika Biblia. Ulipigwa hadharani kwa mara ya kwanza mjini Piteå, Uswidi, Januari 10, 2018, siku aliyotimiza miaka 80.

Utauliza, wakati aliupata wapi? Aliutenga. Mnamo Januari 1, 1990, aliacha kutumia baruapepe baada ya kuitumia kwa miaka 15 hivi. Aliyekuwa na haja naye alitakiwa kumwandikia barua ya posta na kungoja zamu yake.

Wala si yeye peke yake. Linus Torvalds, mzaliwa wa Ufini aliyeanzisha Linux mwaka wa 1991, hupenda kupiga mbizi baharini. Mwaka wa 2011 alianza kutunga programu ya kuwekea kumbukumbu za mbizi: kina alichofika mtu na muda aliokaa majini. Waona? Uraibu haukumwibia akili ya kazi. Uliipa akili hiyo mahali pengine pa kuchezea.

Najua mwanao hawezi kumwambia mwajiri atume barua kwa posta. Hata hivyo, anaweza kuifunga kompyuta Jumapili mchana. Usimkaripie. Mkumbushe alichokipenda zamani: kwaya ya shule, kandanda, kuchora, au kupanda vilima vya Ngong na wenzake. Mengi ya haya hayahitaji pesa nyingi. Nawe mwanafunzi, usingoje kuajiriwa ndipo utafute uraibu. Mtu akishazoea kuishi mbele ya kioo cha kompyuta, kumtoa hapo ni kibarua.

Nalisema hili kwa sababu kazi ya kuajiriwa yaweza kwisha kwa barua moja tu. Kijana ambaye hakuwa na kingine ila kazi, siku hiyo hujiona si kitu. Lakini mwenye kwaya inayomngoja Jumamosi, timu inayomhesabu na nyanya anayeuliza habari zake, huyo hupoteza mshahara bila kujipoteza mwenyewe.

Leo ni Jumapili, msomaji. Muulize mwanao swali moja: kompyuta ikizimwa, ni nini kinachokufurahisha? Akikosa jibu, usimcheke. Hapo ndipo pa kuanzia.