Mlango wa Nakshi Una Ulinzi, Motokaa ya Kale Je?

Ndugu zangu wa Lamu, Mombasa na Malindi, mwenye nyumba aliyerithi mlango wa nakshi uliochongwa kabla ya mwaka 1946 anajua, au yampasa ajue, kwamba mlango ule si wake peke yake. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 imeutaja waziwazi: mlango au fremu ya mlango iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka huo ni kitu cha kulindwa. Sasa nawauliza jambo ambalo huenda likawachekesha. Motokaa iliyoteremshwa Kilindini mwaka 1930, ikapandishwa gari la moshi kwenda bara, na hata leo yatembea, yenyewe ina mlinzi gani?

Haina. Sheria hiyo hiyo inakihesabu kuwa ni cha kale kitu kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya mwaka 1895, na wakati huo hapa kwetu hapakuwa na motokaa. Mombasa yenyewe ilikuwa ikijiandaa kwa vile vigari vya reli ndogo vilivyosukumwa na watu, waliovipanda mabwana kutoka Mji wa Kale kwenda Kilindini. Basi motokaa za kabla ya Vita Vikuu vya Pili zimeangukia katikati: si za kale za kutosha kulindwa, wala si mpya za kutosha kuthaminiwa sokoni, ila na yule anayezitaka kwa vyuma chakavu au kwa kuzipeleka ng'ambo.

Nayasema haya kwa kuwa ninayo moja. Mimi ni mtu wa Mombasa niliyeletwa Embu na kazi, nikaoa, nikajenga, na sasa ni zaidi ya miaka thelathini. Gari langu ni Ford Model A ya mwaka 1930, ya bodi la mbao, ile ambayo wazee huiita boksi bodi. Enzi hizo wanunuzi wengi wa Kenya walinunua chesi na injini na pua ya mbele tu, kisha mafundi seremala wa hapa hapa wakajenga sehemu ya nyuma kwa mbao. Kwa hiyo nusu ya gari langu ilitoka kiwandani, na nusu ya pili ilitoka katika mikono ya mtu wa nchi hii, kwa randa na patasi, kama ulivyotoka mlango wako.

Nililinunua kwa familia moja yenye shamba la kahawa upande wa Runyenjes. Lilikuwa ghalani, chini ya magunia, panya wamezaa katika kiti. Lakini chuma kilikuwa kizima. Laiti lingebaki pwani, upepo wa bahari na chumvi yake vingelilila mpaka likawa chujio. Kwenye miteremko hii ya Mlima Kenya kuna baridi na mvua na tope, ila chumvi haipo. Ndiyo maana naamini kwamba magari ya aina hii yaliyosalia katika maghala ya Embu na Meru ni mengi kuliko tunavyodhani.

Kuliendesha ni kazi, na utamu wake umo katika kazi hiyo. Ufunguo peke yake hauliwashi. Kwanza unafungua koki ya petroli chini ya dashibodi, maana tangi liko juu ya magoti yako, mbele ya kioo, na petroli inashuka yenyewe kama maji ya mtungi. Kisha unatazama vijiti viwili vilivyo chini ya usukani. Cha kulia ni cha mafuta, unakishusha kidogo. Cha kushoto ni cha kuwahisha au kuchelewesha cheche za plagi, na hicho lazima kiwe juu kabisa, yaani cheche zichelewe. Anayesahau na kupiga hendeli kijiti kikiwa chini, injini hurudi kinyume kwa kishindo na hendeli ikamvunja mkono. Wazee hufundisha kwamba kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, kisiizunguke hendeli. Injini ikishika, unakishusha kijiti cha kushoto, na mngurumo unabadilika kutoka kikohozi ukawa wimbo wa pole. Mimi husimama kidogo niusikilize kabla ya kutia gia.

Gia ni tatu, na hazijui kulainishiana. Ukitaka kubadilisha lazima ukanyage klachi, utoe gia, uachie, ukadirie mwendo wa injini kwa sikio, ukanyage tena, ndipo uingize. Ukikadiria vibaya gia hulia, na watoto wa Runyenjes hucheka. Ukikadiria vyema huingia kimya kama kisu katika siagi, na furaha yake hata mwenye gari jipya la mamilioni haijui, kwa sababu gari lake limekwisha kumfanyia kila kitu.

Barabara ya zamani ya kutoka Embu kwenda Meru, kwa Runyenjes, Chuka na Nkubu, ni kona tupu. Inashuka kwenye mto, inapanda, inashuka kwenye mto mwingine; Thuchi, Nithi na midogo isiyo na hesabu, yote ikiteremka kutoka mlimani kuingia Mto Tana, na maji yake yakafika baharini kwenu Kipini. Nayapenda sana mawazo hayo ninaposimama kando ya daraja kuipumzisha rejeta. Hapa juu, kwenye kimo cha kama mita 1,500, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, na rejeta ya Model A haina kifuniko cha kuzuia mvuke kama za siku hizi. Kwa hiyo chupa ya maji haikosi miguuni. Hewa nayo ni nyepesi, hivyo petroli inazidi kipimo. Lakini wenye akili wa zamani walimwekea dereva kitasa kidogo karibu na dashibodi. Unapopanda unakikaza, petroli inapungua, injini inapata pumzi. Gari la leo lina kompyuta ya kufanya hivyo. Langu lina mimi.

Ford wa kabla yake, Model T, alikuwa na kisa cha ajabu zaidi. Tangi lake lilikuwa chini ya kiti, na katika mlima mkali petroli haikuweza kufika kwenye injini. Basi madereva waligeuza gari wakapanda kinyumenyume. Anayesimulia hayo watu humwona mwongo, na kumbe ni kweli.

Kushuka ndiko kunakotaka adabu. Breki ni za fito za chuma, hazina mafuta. Dereva wa Model A huingiza gia ndogo juu ya kilima, kabla ya mteremko, na kuiacha injini imshike. Daraja la Nithi mnalijua kwa msiba: Julai 2022 basi lililokuwa likitoka Meru kuja Mombasa lilianguka pale, na zaidi ya watu 30 wakafa. Siwezi kulinganisha gari langu dogo na basi zima la abiria. Nasema tu kwamba ile desturi ya kuuheshimu mteremko kabla ya kuufikia, ambayo gari la kale humlazimisha dereva wake, ingefaa ifunzwe hata leo.

Matunzo yake si siri. Ford aliagiza oili ibadilishwe kila maili 500, kama kilomita 800, maana injini haina chujio la oili. Na grisi itiwe kila kiungo kwa mwendo huo huo. Pointi za umeme ziachane kwa nusu milimita. Betri ni ya volti 6, taa ni hafifu, kwa hiyo usiku mimi huwa nyumbani. Vipuri havisumbui kama watu wanavyodhani, kwani Model A zilitengenezwa karibu milioni 5 kati ya 1927 na 1932, na mpaka leo kuna wanaotengeneza vifaa vyake Marekani. Hata petroli isiyo na risasi, tuliyobaki nayo sisi wa kusini mwa Sahara tangu 2006, haiidhuru.

Linalonitia hofu ni mikono. Beringi za injini hii hazinunuliwi dukani zikapachikwa. Ni madini laini meupe yanayoyeyushwa na kumwagwa ndani ya chuma, kisha fundi huyakwangua kidogo kidogo mpaka mhimili uzunguke bila kucheza wala kukaza. Mzee aliyenifanyia kazi hiyo alijifunza akiwa kijana kwa fundi wa Kihindi. Hakuwa na kipimo ila wino wa buluu na vidole vyake. Vijana wa gereji yake wanajua kuchomoa injini nzima na kutia nyingine, na hawana lawama, kwani hiyo ndiyo kazi inayowaletea chakula. Lakini fundi hujifunza kwa gari linalotembea. Gari lililofunikwa turubali halivunjiki, na lisilovunjika halifunzi mtu.

Wako wanaoniambia, tena mara nyingi, nitie injini ya Toyota nipumzike. Jibu langu ni hili: wewe wa Lamu, ukiondoa mbao za mlango ukaacha nakshi ya fremu, kisha ukatia bati, utauita mlango wa nakshi? Na wako wanaosema kwa ukali zaidi kwamba hizi ni takataka za masetla, ziende nao. Hoja hiyo naiheshimu. Ni kweli walionunua wengi walikuwa wakoloni, na wanaotajwa ni wao. Mjini Nairobi kuna nguzo ya kumkumbuka Galton-Fenzi, Mzungu aliyeendesha motokaa ya kwanza kutoka Nairobi mpaka Mombasa mwaka 1926. Lakini ni nani aliyekuwa akizikwamua motokaa hizo katika tope la Chuka? Ni nani aliyekuwa akilala chini ya chesi na taa ya chemli, akikaza nati? Walikuwa madereva, mataniboi na mafundi wetu, na hawana nguzo. Tukiviacha vyuma hivi viende, na ushahidi wa kazi yao umekwenda.

Na vikienda havirudi. Kwa kawaida Kenya hairuhusu kuingizwa gari kuukuu la zaidi ya miaka 8. Likishauzwa nje, basi. Matajiri wa Nairobi wana mashindano yao ya magari maridadi kwenye uwanja wa farasi wa Ngong, yaliyoanza mwaka 1970, na ni mazuri, nimeyaona. Lakini gari la ghalani Nkubu halitafika huko. Mwenye nalo atakuja kutembelewa na mtu mwenye lori na noti mkononi, na mjukuu mwenye karo ya shule atauza. Nani atamlaumu?

Dawa imo ndani ya sheria yenyewe. Kifungu kile kile kilichotaja milango kimempa waziri uwezo wa kutangaza kitu kingine chochote chenye thamani ya historia au utamaduni kuwa cha kulindwa. Simwombi aninyang'anye gari, wala alifungie katika chumba cha vioo. Namwomba atangaze kwamba motokaa zilizoletwa kabla ya 1939, hasa zile zenye bodi zilizojengwa na mafundi wa nchi hii, haziondoki nchini bila ya idhini, na zibaki barabarani na wenyewe. Halihitaji bunge wala fedha. Ni tangazo moja tu katika Gazeti Rasmi la Serikali.